UMBO LA PICHA: KWA NINI SINEMA NYINGINE HAZIJAZI KIOO CHA TELEVISHENI



Jumamosi ya pili ya muhula huu, baada ya chakula cha jioni, tulikusanyika bwaloni kama ilivyo desturi yetu ili tutazame sinema. Projekta iliwekwa juu ya meza mbili zilizopandanishwa, na shuka jeupe likatundikwa ukutani. Sinema ilipoanza, picha ilikuwa pana sana ya kwenda kando na fupi ya kwenda juu, na juu yake na chini yake palikuwa na ukanda mweusi. Mara zikasikika sauti kutoka viti vya nyuma: "Jaza! Jaza!" Kiranja aliyesimamia mtambo akabonyeza kitufe, picha ikakua mpaka weusi wote ukatoweka, na bwalo zima likapiga makofi.

Furaha ile haikudumu. Baada ya dakika chache walitokea watu wawili waliokaa mezani wakibishana, mmoja upande wa kushoto na mwenzake upande wa kulia. Sisi tuliona meza, kikombe, na pua mbili zikitazamana. Tena maneno ya tafsiri, yaliyokuwa yameandikwa ndani ya ule ukanda mweusi wa chini, yalitoweka pamoja nao. Wenzetu wa mbele wakapiga kelele picha irudishwe. Wa nyuma wakakataa. Ubishi huo uliendelea bwenini mpaka kengele ya kulala.

Mwalimu wetu wa Fizikia alipopata habari aliniambia, "Wewe uliyebisha kuliko wote, nenda ukalisome jambo hilo, kisha uliandike katika gazeti la shule." Nimelisoma, na haya ndiyo niliyoyapata. Nakiri mapema ya kuwa ninayo pia sababu ya nyumbani kwetu iliyonifanya nilisome kwa bidii, nami nitaieleza mahali pake.

Umbo la picha ni nini?

Kila picha ya sinema ina upana wa kwenda kando na kimo cha kwenda juu. Ukigawanya upana kwa kimo, unapata namba moja inayoeleza umbo la picha hiyo. Picha yenye upana wa sentimita 40 na kimo cha sentimita 30 ina uwiano wa 4 kwa 3, yaani 1.33. Picha yenye upana wa sentimita 80 na kimo cha sentimita 60 ni kubwa zaidi, lakini uwiano wake ni ule ule. Yafaa tukumbuke tofauti hii tangu mwanzo: ukubwa ni jambo moja, na umbo ni jambo jingine. Stempu na ukuta wa darasa vyaweza kuwa na umbo moja.

Basi, swali la bwaloni halikuwa la ukubwa, ingawa sote tulidhani hivyo. Lilikuwa ni swali la umbo. Picha yenye umbo moja ilikuwa ikiwekwa mahali penye umbo jingine, na hapo hapana budi kitu fulani kipotee. Tunaloweza kuchagua ni kile kitakachopotea tu.

Asili ya umbo la 4 kwa 3

Umbo la 4 kwa 3 ni kongwe kuliko televisheni. Mnamo mwaka 1892, katika maabara ya Bwana Thomas Edison huko Marekani, msaidizi wake Bwana W. K. L. Dickson alitumia utepe wa filamu wenye upana wa milimita 35, wenye matundu manne kando ya kila picha. Picha iliyopatikana katika nafasi ile ilikuwa na umbo la 4 kwa 3. Utepe huo ulienea duniani, na umbo lake likaenea pamoja nao. Sauti ilipoanza kuandikwa kando ya picha juu ya utepe ule ule, ilikula sehemu ya upana; ndipo mwaka 1932 watu wa sinema wa Hollywood wakakubaliana umbo la 1.37, ambalo kwa macho ni karibu sawa na lile la kwanza.

Televisheni ilipozaliwa ilifuata nyayo za sinema. Vipimo vya televisheni vilivyowekwa Marekani mwaka 1941 vilikuwa vya 4 kwa 3, na nchi nyingine zikaja kutumia umbo hilo hilo. Hata huku kwetu, televisheni zilizoingia Zanzibar katika miaka ya 1970, na Tanzania Bara katika miaka ya 1990, zilikuwa za umbo hilo. Kwa hiyo kwa muda fulani sinema na televisheni zilikuwa kama ndugu wenye sura moja, na hapakuwa na ugomvi.

Sinema inajitenga

Ugomvi ulianza katika miaka ya 1950. Wamarekani wengi walinunua televisheni, wakawa wanakaa nyumbani jioni badala ya kwenda kwenye majumba ya sinema. Wenye sinema waliona viti vikibaki vitupu, wakajiuliza: tuwape watu kitu gani ambacho hawawezi kukipata sebuleni? Jibu moja waliloliona lilikuwa upana.

Tarehe 30 Septemba 1952, mjini New York, ilionyeshwa sinema iliyoitwa This Is Cinerama. Ilitumia mitambo mitatu ya kuonyeshea picha kwa wakati mmoja, kila mmoja ukitupa theluthi yake juu ya pazia kubwa lililopinda. Watu walistaajabu, lakini mitambo mitatu ni gharama, na maungio ya picha zile tatu yalionekana. Mwaka uliofuata, Septemba 1953, kampuni ya 20th Century-Fox ilitoa sinema ya The Robe kwa njia iliyoitwa CinemaScope, ambayo ilihitaji mtambo mmoja tu.

Siri ya CinemaScope ni lenzi, na sisi wanafunzi wa Fizikia yafaa tuifahamu. Mfaransa mmoja, Bwana Henri Chrétien, alikuwa amebuni katika miaka ya 1920 lenzi inayobana picha kwa upana tu bila kugusa kimo chake. Wakati wa kupiga picha, lenzi hiyo huingiza mandhari pana katika utepe ule ule wa milimita 35. Ukiutazama utepe huo kwa macho, watu wote huonekana wembamba kama waliobanwa mlangoni. Wakati wa kuonyesha, lenzi nyingine huwatanua tena mpaka wanarudia sura zao, na picha pazia zima inakuwa pana karibu maradufu ya ile ya zamani. Umbo la CinemaScope lilianza kwa 2.55, kisha likatulia kwenye 2.35.

Kampuni nyingine zilishika njia zao. Nyingi zilipiga picha kwa utepe wa kawaida, kisha zikaziba sehemu ya juu na ya chini wakati wa kuonyesha, zikapata umbo la 1.85. Nyingine zilitumia utepe mpana zaidi. Sinema ya Ben-Hur ya mwaka 1959 ilikuwa na umbo la 2.76, na Lawrence of Arabia ya mwaka 1962 ilikuwa na umbo la 2.20.

Jambo kubwa la kukumbuka ni hili. Waongozaji hodari hawakuuchukua upana huo kuwa pambo. Waliutumia kusimulia hadithi. Bwana David Lean, mwongozaji wa Lawrence of Arabia, alimleta mwigizaji Omar Sharif kutoka mbali jangwani, akiwa nukta nyeusi tu inayotetemeka katika mazigazi, ikikua pole pole mpaka ikawa mtu juu ya ngamia. Mtazamaji humwogopa mtu yule kabla hajamwona uso, kwa sababu jangwa linalomzunguka ni pana mno na hakuna pa kukimbilia. Likate jangwa, nawe umepunguza ile hofu.

Safari ya kwenda sebuleni

Baadaye televisheni ikataka kuzionyesha sinema zile zile zilizotengenezwa ili kuishinda. Mnamo Septemba 1961 kituo cha NBC cha Marekani kilianza kipindi cha sinema za Jumamosi usiku, na sinema yake ya kwanza ilikuwa How to Marry a Millionaire, ya CinemaScope ya mwaka 1953. Hapo ndipo wahandisi walipokabiliwa na swali letu la bwaloni: picha ya 2.35 au 2.55 itaingiaje katika kioo cha 1.33? Njia ni tatu tu.

Njia ya kwanza ni kuionyesha picha yote, ikigusa kingo za kushoto na kulia, na kuacha kanda nyeusi juu na chini. Hapa kinachopotea ni ukubwa.

Njia ya pili ni kuikuza picha mpaka ijaze kimo cha kioo, na kuziacha pande zake zimwagike nje. Hapa kinachopotea ni sehemu ya picha.

Njia ya tatu ni kuibana au kuivuta picha mpaka ilingane na kioo. Hapa hakuna kinachokatwa, lakini kinachopotea ni ukweli wa sura: watu huwa wembamba kama vijiti au wanene kama magunia.

Kwa miaka mingi vituo vya televisheni na watengenezaji wa mikanda ya video walipendelea njia ya pili. Na tupige hesabu tuone gharama yake. Chukua televisheni ya zamani ya inchi 21. Kioo chake kina upana wa sentimita 43 hivi na kimo cha sentimita 32. Picha ya 2.35 ikikuzwa mpaka iwe na kimo cha sentimita 32, upana wake utakuwa 32 mara 2.35, yaani sentimita 75. Lakini kioo kina sentimita 43 tu. Sentimita 32 zilizobaki hazionekani. Katika kila mia ya picha, 43 zimetupwa. Kwa Ben-Hur mambo ni mabaya zaidi: zaidi ya nusu ya picha hutupwa. Sinema hiyo inajulikana kwa mashindano yake ya magari ya kukokotwa, kila gari likiwa na farasi wanne waliofungwa sambamba. Mtu aliyeitazama katika kioo kilichojazwa alilipata gari na baadhi ya farasi, na wapinzani wakatoweka nje ya kioo.

Tena sehemu ya kubaki haikuwa lazima iwe ya katikati siku zote. Fundi alikaa mbele ya mtambo akachagua, picha baada ya picha, ni upande gani uonekane. Watu wawili wakizungumza kutoka pembe mbili, yeye alionyesha mmoja kisha akarukia mwenziwe, mahali ambapo mwongozaji alikuwa ametuonyesha wote wawili pamoja kwa makusudi. Au aliisogeza picha kando taratibu, kana kwamba kamera yenyewe imegeuka, nayo haikugeuka kamwe. Hivyo fundi yule, pasipo kukusudia ubaya, alifanya kazi ya mwongozaji bila mwongozaji kuwapo.

Waongozaji wengine walikasirika. Bwana Sydney Pollack wa Marekani alishtaki kituo cha televisheni cha taifa cha Denmark kwa sababu kilionyesha sinema yake ya Three Days of the Condor ikiwa imekatwa namna hiyo. Mahakama ilikubali ya kuwa kukata vile ni kuijeruhi kazi ya msanii na kuvunja haki yake. Hata hivyo kesi yenyewe alishindwa kwa sababu nyingine ya kisheria. Nadhani si mara nyingi mahakimu hukaa kuamua juu ya pande mbili za picha!

Je, waliotaka kioo kijae walikosea?

Katika mdahalo mwema ni lazima mtu ausikilize upande wa pili. Waliopenda kioo kijae walikuwa na hoja, na hoja mbili kati ya hizo zina uzito.

Kwanza, vioo vilikuwa vidogo. Katika ile televisheni ya inchi 21, picha ya 2.35 ikionyeshwa yote huwa na kimo cha sentimita 18 tu, na kanda nyeusi za sentimita 7 juu na 7 chini. Fikiri familia ya watu wanane, majirani wanne, na mgeni, wote wakitazama kioo kimoja. Aliyekaa mkekani karibu na mlango huona nini? Mtu huyo akisema, "Bora nione nusu ya picha kuliko kutoona kitu," hatuna haki ya kumcheka.

Pili, si kila sinema iliyojaza kioo ilikuwa imekatwa. Nimekwisha kueleza ya kuwa sinema nyingi za 1.85 zilipigwa katika utepe wa kawaida, kisha zikazibwa juu na chini. Zilipopelekwa kwenye televisheni, mara nyingine kizibo kile kiliondolewa tu, na mtazamaji wa nyumbani akaona zaidi kuliko mtazamaji wa jumba la sinema: dari zaidi, sakafu zaidi, na mara moja moja hata maikrofoni iliyoning'inia juu ya vichwa vya waigizaji! Lakini hata hapo kuona zaidi si kuona vizuri zaidi. Mwongozaji hakukusudia tuone maikrofoni.

Isitoshe, majumba ya sinema yenyewe nayo yamewahi kutenda kosa hilo hilo. Sinema ya Shane ilipigwa kwa umbo la zamani la 1.37, lakini ilipotolewa mwaka 1953 mapana yalikuwa yameanza kupendwa. Basi ikakatwa juu na chini ikaonyeshwa kwa 1.66. Kwa hiyo hatuwezi kusema ya kwamba upana ndio wema na wembamba ndio ubaya. Kosa ni kuipa picha umbo lisilokuwa lake.

Sahani za DVD zilipoanza kuuzwa Marekani mwaka 1997, sinema nyingi zilitolewa kwa namna mbili: moja ya picha pana, na nyingine iliyoandikwa ya kuwa inajaza kioo. Wanunuzi wengi walichukua hii ya pili wakidhani wanapata picha nzima. Maandishi yale yalisema kweli juu ya kioo, lakini hayakusema lolote juu ya sinema.

Umbo la 16 kwa 9

Televisheni nyingi za leo si za 4 kwa 3 tena, bali ni za 16 kwa 9, yaani 1.78. Namba hii ilitoka wapi? Katika miaka ya 1980, wahandisi wakitafuta umbo la televisheni mpya, Bwana Kerns Powers wa Marekani alikata mistatili ya karatasi, kila mmoja kwa umbo la sinema fulani, kuanzia 1.33 mpaka 2.35, yote ikiwa na eneo sawa. Akaipanga yote juu ya kitovu kimoja. Akaona ya kuwa mstatili wa nje unaoifunika yote una umbo la karibu 1.78, na mstatili wa ndani ambao yote inashirikiana nao una umbo hilo hilo.

Nimeufanya mfano huu kwa jalada la daftari kuukuu, nawe waweza kuufanya. Kata mstatili wa sentimita 20 kwa 15, na mwingine wa sentimita 26.6 kwa 11.3. Maeneo yao ni karibu sawa. Viweke kimoja juu ya kingine, vitovu pamoja. Nje kabisa una upana wa 26.6 na kimo cha 15. Gawanya, utapata 1.77. Ndani kabisa una upana wa 20 na kimo cha 11.3; gawanya, utapata 1.77 tena. Wapenzi wa Hisabati watafurahi pia kujua ya kuwa 4 kwa 3 ikizidishwa kwa nafsi yake ni 16 kwa 9 kamili.

Umbo hili basi ni la suluhu. Halimpendelei mmoja, wala halimdhulumu yeyote sana. Lakini suluhu si kumaliza ugomvi. Katika kioo cha inchi 32 chenye upana wa sentimita 71 na kimo cha sentimita 40, sinema ya 2.39 bado huacha kanda nyeusi za sentimita 5 juu na 5 chini. Na picha ya zamani ya 4 kwa 3 huwa na upana wa sentimita 53 tu, ikaacha kanda za sentimita 9 kila upande. Picha iliyopigwa kwa simu iliyosimamishwa wima huwa na upana wa sentimita 22 na nusu tu, na weusi wa sentimita 24 kila upande.

Habari ya nyumbani kwetu

Sasa nimefika kwenye ile sababu yangu. Baba yetu alifariki nilipokuwa na umri wa miaka minane, na mdogo wangu wa kike alikuwa bado hajatimiza mwaka. Mdogo wangu anamjua Baba kwa picha moja iliyotundikwa ukutani. Ila nyumbani palikuwa pia na mkanda wa video wa harusi ya wazazi wetu wa mwaka 2004, ambao hatukuweza kuutazama kwa kuwa deki ilikwisha kufa zamani.

Desemba iliyopita, Mama alipopata zamu yake ya upatu, alinunua televisheni ya inchi 32. Mjomba akaupeleka ule mkanda mjini ukahamishiwa kwenye flashi. Jioni hiyo tulikaa sote. Baba akatokea mlangoni mwa kanisa akicheka. Mdogo wangu akatazama kioo, akatazama ukutani, akauliza, "Mama, mbona Baba wa kwenye televisheni siye huyu wa ukutani?"

Hakuna aliyejibu. Na kweli, mtu yule alikuwa mnene, mwenye mabega mapana na uso wa mviringo, naye Baba ninayemkumbuka mimi alikuwa mrefu mwembamba. Mjomba akasema mkanda umeharibika kwa uzee. Mama akasema, "Basi zima, mwanangu." Flashi ile ikawekwa kabatini, wala hakuna aliyeiomba tena.

Muhula huu, nilipokuwa nikisoma habari za njia ile ya tatu, nilishtuka. Kumbe mkanda haukuwa mbovu! Mkanda ule ulikuwa wa 4 kwa 3, na televisheni ilikuwa imeuvuta kwa upana mpaka ukajaza kioo. Picha ya sentimita 53 ilifanywa sentimita 71. Kila kitu kiliongezewa theluthi moja ya upana wake, na uso wa Baba pia.

Likizo fupi ilipofika nilikwenda nyumbani, nikaiomba flashi. Nilisimamisha picha mahali ambapo gari la maharusi linafika, nikatazama gurudumu lake. Lilikuwa kama yai lililolazwa. Nikachukua rimoti, nikabadili umbo kuwa 4:3, na gurudumu likawa duara. Nikarudisha mkanda mwanzo. Mjomba akalalamika kidogo, "Sasa umetunyima kioo tulichonunua kwa fedha," maana kanda nyeusi zilikuwa zimeingia pande zote mbili. Mama hakusema neno mpaka Baba alipotokea mlangoni mwa kanisa. Ndipo akasema, "Mwache hivyo hivyo. Ndiye." Mdogo wangu aliondoka mkekani, akaenda akasimama kati ya televisheni na ile picha ya ukutani, akawa anageuza kichwa huku na huku mpaka mkanda ukaisha.

Ushauri kwa wasomaji

Kwa hiyo napenda kutoa ushauri ufuatao kwa wanafunzi, na kwa wazazi watakaolisoma gazeti hili.

1. Kabla ya kugusa rimoti, tafuta kitu cha duara ndani ya picha: gurudumu, mpira, saa ya ukutani, au mwezi mpevu unaotazamwa moja kwa moja. Kikiwa duara, umbo ni sahihi. Kikiwa kama yai, picha imevutwa au imebanwa.

2. Ukiona kanda nyeusi juu na chini, usifikiri umeibiwa. Hapo waonyeshwa sinema nzima. Ukiona kanda nyeusi kushoto na kulia, huenda picha ni ya zamani au imepigwa kwa simu iliyosimama wima.

3. Televisheni nyingi zina chaguo la kufuata umbo la picha yenyewe. Lichague hilo, uliache. Kumbuka pia ya kuwa king'amuzi kina mpangilio wake. Televisheni ikiwa sahihi na picha bado imevimba, kagua king'amuzi.

4. Kioo kikiwa kidogo na watazamaji wengi, sogezeni viti karibu kabla hamjafikiri kuikuza picha. Mkiamua kuikuza, fanyeni hivyo mkijua mnachokitupa.

5. Ukipiga picha za video za sherehe ambazo familia itazitazama kwenye televisheni, ilaze simu yako.

6. Usitupe mkanda wala sahani ya zamani kwa kuwa watu wake wanaonekana wa ajabu. Kwanza jaribu umbo la 4:3.

Jumamosi iliyopita tulitazama sinema nyingine bwaloni, nayo ilikuwa na kanda zake nyeusi. Kelele za "Jaza!" zilisikika tena, lakini safari hii kiranja aliuliza kwa mikono, na walio wengi wakataka picha ibaki kama ilivyo. Waliokaa nyuma walibeba madawati yao wakasogea mbele.

 Atakayeona kosa katika hesabu zangu na aniandikie katika toleo lijalo.

Mwanafunzi, Kidato cha Nne